Ukisikia Naumwa, Usije

Mke mwenzangu,

Juzi nimesikia kwamba naumwa. Nilikuwa jikoni namenya muhogo, na baba yako yuko ukumbini anazungumza kwa simu na jamaa zetu wa Maskati. Akasema hali ya mama si nzuri. Akasema nimelazwa, kwamba chakula hakipiti, kwamba jina ninalolitaja kutwa ni lako. Nikasimama na kisu mkononi nikisikiliza habari za ugonjwa wangu. Nilitaka kutoka nimuulize nimelazwa hospitali gani, nijue wa kumpelekea muhogo. Sikutoka. Nilielewa kwamba simu ile haikuwa ya kuwapa watu habari. Ilikuwa chambo, na samaki ni wewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Siumwi. Nina miguu inayovimba na jicho moja lenye ukungu, kama ulivyoniacha. Naandika barua ya wazi kwa sababu ya siri sina pa kuipitisha: simu yangu inashikwa na kila mkono wa nyumba hii, na mahali ulipo sipajui. Nashukuru kwamba sipajui, maana nisichokijua hakiwezi kunitoka. Kocha wako ameahidi kuibeba karatasi hii na kuitia pale ambapo Waswahili wa kila nchi husoma, pale pale ulipokuwa ukinisomea habari jicho langu lilipoanza kuchoka. Jina lako sitaliandika, wala la chuo, wala la mtu yeyote. Wewe utajijua kwa neno la kwanza.

Wasomaji wasiotoka kwetu watashangaa bibi kumwita mjukuu wake mke mwenza. Ni utani wa pwani. Babu ni mume wa wote wawili, bibi mke mkubwa na mjukuu mke mdogo, na wanagombana juu yake kwa vicheko hata akiwa kaburini. Utani huo una kazi yake. Mtoto ana mambo ambayo hawezi kumwambia mama, na kumwambia baba ndiyo kabisa, lakini mke mwenza humwambia, kwa sababu baina yao kila neno linaweza kurudishwa kuwa mzaha likionekana zito. Wazee wetu waliacha mlango huo wazi kwa makusudi. Wewe uliupita.

Nakumbuka ulivyokuwa hupendi kuvaa viatu. Ukuta wa nje wa jengo letu hapa Muraqqabat, mji huu wa Waarabu, una alama za mpira mpaka leo, na mlinzi, yule Mpathani, bado ananiuliza yuko wapi yule bint. Namwambia kasafiri. Ulipoingia chuoni ukajiunga na timu ya mpira wa wavu, mama yako akadhani ni upepo utakaopita. Hukuwa mrefu. Kocha akakupa nafasi ambayo mie nilikuwa siijui: yule anayevaa jezi ya rangi mbali na wenzake, asiyeruhusiwa kupiga mpira wa ushindi wala kuruka wavuni kumzuia adui. Kazi yake ni moja, mpira usiguse chini. Mara ya kwanza nilipokuona nilikasirika. Nikamwendea kocha kumuuliza kwa nini mjukuu wangu kavalishwa rangi ya peke yake kama mwenye kosa. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shosho," akaniambia, "huyo ndiye ninamwamini. Wengine wakikosea, yeye yuko nyuma yao."

Yeye ni mwanamke wa Kisumu, Kiswahili chake kinanichekesha na changu kinamchekesha, na tangu siku ile sikuwa na jina jingine kwake ila Shosho, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Nikawa nakuja kila mchezo. Ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu, milango inafungwa, na mie nakaa mstari wa mbele na chupa ya chai na kikopo cha visheti. Wenzako, Mmisri, Mhindi, Mfilipino, walijifunza kusema shikamoo Bibi kabla hawajajua maana yake. Nilikushonea ushungi wenye mpira kwa nyuma, usivuke ukijitupa. Ulikuwa ukijitupa kwa kifua, kwa ubavu, kwa magoti, na kila ukianguka nilikuwa nashika moyo, na kila ukiinuka ulikuwa unaniangalia mie kwanza.

Mama yako hakuja. Alikuwa akiyaona magoti yako jioni na kulalamika. "Nani atamuoa mwenye magoti ya hamali?" Nikamwambia atakayeanza kwa kuangalia magoti tusimpe binti. Alicheka, maskini. Nataka ukumbuke kwamba alicheka. Alikuwa akijivunia kwa siri, akiwapigia dada zake simu kuwaambia mwanawe kapunguziwa ada kwa sababu ya mpira, kisha akikuona anakunja uso.

Nilikuwa nakukanda kwa mafuta ya karafuu. Unakaa chini, mgongo wako kwenye magoti yangu, unakunywa maziwa, na mie nakanda mabega. Siku moja nikaanza utani wetu. Nikasema babu yako kafa kaniachia mzigo, sasa nikutafutie mume mwingine, na safari hii asiwe mkoromaji. Ukasema kama ungekuwa na hamu ya mume ungeninyang'anya Babu alipokuwa hai. Tukacheka. Kisha hukucheka tena.

"Sina hamu hiyo, Bibi," ukasema. "Sikuwahi kuwa nayo. Kuna yule ninayempelekea mpira."

Nilimjua unayemsema. Yule mwenzako wa Mombasa, anayesimama karibu na wavu, anayepokea mpira wa kwanza uliouokoa na kuugawa. Aliwahi kula kwetu wali wa nazi, akaomba ukoko. Mkono wangu ulisimama begani mwako. Kisha ukaendelea kukanda. Baadaye uliniambia kwamba hukuwa ukisubiri neno. Ulikuwa ukisubiri kuona kama mkono utaondoka.

Watakaosoma hapa watataka kujua nilifikiri nini, mie mwanamke wa swala tano, niliyesomesha watoto Kurani katika nyumba za kupanga za Deira. Mie si mwanachuoni. Jibu la Mola wangu silijui na sitalisema kwa niaba Yake. Nilichokijua ni kwamba begani mwa mtoto kulikuwa na fundo tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na siku ile lililegea. Nikakuambia ufunge mdomo, na kwamba wangu umefungwa tayari. Nilijua nchi tunayokaa, na nyumba tunayokaa, na nilijua wewe una miaka miwili ya masomo iliyobaki na mpira unaokulipia. Nilichotaka ni umalize. Nilidhani ukimaliza utakuwa na kitu mkononi, halafu dunia itajulikana.

Chuo chenu kilikuwa na kila msaada kwa wanamichezo. Nimeuona kwa macho yangu na nikausifu. Kuna anayefunga vifundo vya miguu kabla ya mchezo, kuna anayepanga mnakula nini, kuna mwalimu wa kuwafundisha masomo yaliyowapita mkiwa safarini. Kulikuwa na mshauri pia, ofisi yenye viti vya rangi na tangazo kwamba mwanamichezo yeyote mwenye uzito moyoni aingie. Ukaingia. Ulikuwa hulali, mpira umeanza kukupita mikononi, na ukaona afadhali umwambie mtu mwenye cheo kuliko bibi mwenye mafuta ya karafuu. Ulikaa, ukaanza sentensi. Hukuifikisha nusu. Yule mama akainuka akafunga mlango, akarudi, akakushika mkono.

"Binti yangu, tafadhali, usiniambie," alikwambia. "Ukiniambia, itanilazimu nipeleke mbele."

Akakupa maji ya chupa. Akakushauri ulale mapema. Sikumchukia nilipolisikia hilo, na simchukii sasa. Na yeye ana watoto na ana kafeel, mdhamini anayeshika kibali chake cha kukaa. Lakini nimelifikiria lile tangazo la ukutani kuliko nilivyofikiria vitabu vingi nilivyosoma. Kumfungulia mtu mlango, kisha akishaingia umwombe asiwepo.

Kocha alifanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kidogo, na alikifanya chote. Hakukuuliza. Wewe hukumwambia. Mkisafiri kucheza Sharjah au Al Ain alikuwa akikupangia chumba karibu na chake. Yule msichana wa mwaka wa kwanza alipoanza vijembe vyake katika chumba cha kubadilishia nguo, kwamba wengine hapa wasimame mbali wakati wenzao wanavaa, kocha alisimamisha mazoezi, akawakimbisha wote kuzunguka uwanja, na yeye mwenyewe akakimbia nao, mtu wa umri ule. Walipomaliza akasema hapa jasho ni moja, anayeona jasho la mwenzake linamchafua, yalla, aende akacheze tenisi. Uliniigizia alivyosema, na alivyokuwa akihema, nikacheka mpaka nikatoka machozi. Zile zilikuwa siku njema. Sikujua kwamba tulikuwa tunaziishi.

Kisha ukachaguliwa katika timu ya vyuo, ya kwenda kucheza Bahrain. Wiki hiyo hiyo yakapita maandishi kwenye simu za wanafunzi. Jina lako na la mwenzako, na neno moja. Kiswahili nimekipenda maisha yangu yote, lakini neno lile sitaliandika. Shangazi fulani akampelekea mama yako.

Hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu naamini umebeba uongo juu ya mama yako huko uliko, kwamba alikuwinda. Hakukuwinda. Mama yako hakuamini hata herufi moja. Aliisoma simu ile, akasema hasadi. Mwanangu kachaguliwa, wao hawakuchaguliwa, sasa wanamchafua asiolewe. Alilia kwa hasira. Alikuwa upande wako kuliko siku yoyote ya maisha yako, na kule kuwa kwake upande wako ndiko kulikokumaliza. Akasema atasomesha halbadiri.

Kwa wasioijua: ni kisomo cha pwani, hutajwa majina ya mashujaa wa Badri, na aliyedhulumiwa hupeleka kwa Mungu mashtaka ya dhalimu asiyemjua. Mwizi, mchawi, msingiziaji. Na kila mtoto wa kwetu hufundishwa upande wake wa pili, kwamba ikisomwa kwa dai la batili humrudia aliyeisomesha. Ndiyo maana haichezewi. Nyumba inayosomesha halbadiri huwa inasema: sisi tuna hakika.

Nilimwendea baba yako. Nikamwambia wanazuoni wengi hawaikubali. Nikamwambia mji huu si Unguja, majirani watasikia wadhani ni uchawi, tupate balaa la serikali juu ya balaa la maneno. Nikamwambia mwachieni Mungu bila ya kumtuma. Akanisikiliza kwa adabu, mwanangu ana adabu, kisha akaniuliza swali moja.

"Mama, kama ni uongo, unaogopa nini?"

Nilikuwa na jibu, na jibu halikuwa langu. Lilikuwa lako. Ningelitoa ningekuwa nimekuuza, na nisipolitoa namwacha mwanangu na mkewe wajiitie laana nyumbani mwao. Nikasema naogopa moshi wa ubani, kifua kinanibana. Akasema tutafungua dirisha.

Uliporudi mazoezini ulikuta makubadhi ya wanaume mlangoni. Ilikuwa baada ya alasiri. Maalim na wasomaji wake wamekaa ukumbini, chetezo katikati, na sisi wanawake tuko chumbani nyuma ya pazia, mama yako, shangazi zako, mie. Ukaingia na begi lako la mazoezi, ushungi umelowa jasho, ukauliza kwa macho. Mama yako akakuvuta ukakaa kando yake, akakushika kiganja, akakunong'oneza kwamba leo leo utaona watakavyoumbuka. Nilikuwa nakutazama. Ulinigeukia, nami nikatikisa kichwa, na mpaka leo sijui ulielewa kwamba nasema sikuwaambia, au kwamba nasema usiseme.

Maalim akauliza kutoka ukumbini, mwenye dai na aseme dai lake. Mama yako akainua sauti. Akasema kuna mtu kamzulia mwanawe uongo, na anaomba kwa baraka za watu wa Badri mtu huyo adhihirike kabla ya wiki kwisha, na kama yeye mwenye kushtaki ndiye mwongo, basi yamfike yeye. Alisema hivyo bila kulazimishwa. Alijiweka mwenyewe dhamana, kwa ajili yako, kwa hakika aliyokuwa nayo juu yako.

Nilisikia kurasa zinafunuliwa. Ukasimama.

"Mama, waambie wasisome," ukasema. "Aliyeandika hakusema uongo."

Hukupiga kelele, lakini pazia ni kitambaa tu. Mama yako alikuwa bado amekushika kiganja, hakukiachia, nadhani alikuwa hajakielewa alichokisikia. Kisha maalim akasema kwa upole kwamba dai halipo, akafunga kitabu. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Hawakunywa. Tukawasikia wanavaa makubadhi.

Nimeulizwa baadaye na shangazi yako kama naamini halbadiri ingemdhuru mama yako. Sijui. Wewe nadhani huamini hata kidogo, ulikuwa ukinibishia mambo hayo tangu ukiwa mdogo. Lakini mama yako anaamini. Angeumwa kichwa tu, angeteleza ngazi tu, angejua kwamba imemrudia, na angekufa na hofu hiyo. Ungeweza kunyamaza. Wangesoma, wangekunywa kahawa, wangekwenda zao, na wewe ungekwenda Bahrain. Kila mtu pale chumbani alidhani umemvunja mama yako. Mie peke yangu nilijua kwamba ulisimama kwa ajili yake, na nilipomwambia hivyo, baada ya miezi, aliinuka akaniachia sahani yangu ya chakula mezani, na hatujalizungumza tena.

Yaliyofuata unayajua. Simu ikachukuliwa, pasi ya kusafiria ikatiwa kabatini. Mwenzako wa Mombasa, kocha alisema, ameitwa kwao, na sijapata habari yake tena. Kama unazo wewe, nashukuru. Kuna jambo moja hulijui, kwa sababu ulikuwa umefungiwa chumbani. Kocha alikuja nyumbani. Alikuja na mfuko wa machungwa, kama anayekwenda kumwona mgonjwa, kavaa buibui la kuazima linalomfika magotini. Baba yako alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Akamwambia, "Madam, hii ni nyumba, si uwanja."

"Najua, Mzee," kocha akasema. "Sikuja kucheza. Nimekuja kuuliza mchezaji wangu kama amekula."

Baba yako alisema khalas, akafunga mlango. Machungwa yalibaki nje. Nilitoka nikayachukua, na lile ulilolikuta kwenye sahani yako jioni ile, limemenywa, lilikuwa la kwake.

Kisha wakakupeleka Nairobi na shangazi yako kwa harusi ya binamu, na kila mtu alijua kwamba kuna posa inakusubiri kule, mwanamume mzima mwenye maduka, aliyeambiwa kwamba una aibu tu. Mliposhuka kule, pale uwanja wa ndege kila msafiri hushika pasi yake mwenyewe. Ukamwambia shangazi unakwenda msalani. Alisubiri na mabegi yote mpaka uwanja ukabadilika watu. Tangu hapo nimepata maneno mawili kutoka kwako, kupitia kwa kocha: Nipo. Nakula. Kisha hata hayo yakakatika, na namba ikawa haipatikani kwa kocha pia.

Wiki iliyopita nilikutana naye kwenye mkahawa mmoja Oud Metha. Nilimwambia baba yako nina miadi ya jicho, na miadi kweli nilikuwa nayo, hapo ghorofa ya juu. Kocha amekonda. Mkataba wake haukuongezwa na hakuambiwa sababu, na anafunga mizigo arudi kwao. Nikamuuliza habari za timu, maana wale watoto walikuwa wangu pia.

"Inashinda, Shosho," akasema. "Hawaongeleshani, lakini inashinda."

Akaniambia chumba cha kubadilishia nguo siku hizi kinasikika feni tu. Kila mmoja anavaa akiutazama ukuta. Yupo mmoja katika hao waliobaki, akasema, anamwona anavyokaa peke yake kwenye basi, anavyoruka jina lako likitajwa, na anajua, kama alivyojua kwako. Lakini yeye anaondoka na hakuna wa kumwachia. Amemtafuta. Kila aliyemfikia kwa mbali alikuwa na macho ya yule mshauri. "Nilifanya yenye ningeweza," akasema, na akarudia, na mara ya pili haikuwa habari, ilikuwa swali. Nikamshika mkono. Tulikaa vile mpaka chai ikapoa, wanawake wawili wazima, tumemzunguka mtoto mmoja kwa mapenzi yetu yote, na mtoto hayupo.

Nilikusudia hapa niwaandikie kidogo walimu na makocha watakaosoma, niwaombe kwamba mwanamichezo wao akianza sentensi kama yako wamwache aimalize. Nimeiandika mara kadhaa, nikaikata. Wanaoweza kufanya hivyo hawahitaji kuambiwa na bibi kizee. Wasioweza wanaogopa, na mie ninakijua wanachokiogopa, nimekaa nacho maisha yangu yote. Sina cha kuwapa kinachoizidi hofu ile.

Basi nikuambie wewe lile nililokalia kitako kuliandika.

Nilitoka Unguja sijatimiza miaka ishirini, na tulitoka tukijua tunarudi. Tulipofika hapa mama yangu alikataa katakata kununua vitanda. Alisema vitanda ni vya watu waliohamia, sisi tumepita tu. Tulilala juu ya magodoro mwaka baada ya mwaka, majirani wanajenga nyumba, sisi tunalala chini kwa sababu tunarudi. Alifia hapo chini. Na mie, nisiyepungukiwa kitanda, nimeishi vile vile moyoni. Nimemlea baba yako kwa neno kurudi, nikakulea wewe kwa neno hilo hilo. Hakuna dua niliyoiomba kuliko kwamba Mungu awarudishe watu makwao.

Leo namwomba asikurudishe.

Baba yako hana ubaya wa kukupiga, na kama unadhani nakuonya na kipigo, sivyo. Analia chumbani kwake akidhani hatusikii. Anakutaka urudi kwa mapenzi, kama mama yako alivyosomesha kwa mapenzi. Yule mwenye maduka bado anasubiri. Pasi itatiwa kabatini, na safari hii hapatakuwa na harusi ya binamu wala uwanja wa ndege. Utapewa chakula kizuri na chumba chako cha zamani. Na hutatoka.

Wanajua kwamba mtu wa kwetu haachi kuja kwenye maradhi ya mzee, wala kwenye maziko yake. Ndiyo maana wameniumwisha. Ukikataa kuja kwa ugonjwa, najua kitakachofuata: wataniua. Utapigiwa simu na mtu unayempenda, analia kweli, kwa sababu na yeye kadanganywa, atakwambia Bibi katutoka, njoo umpe baba yako mkono wa pole. Hutakuwa na wa kumuuliza. Na ipo siku habari hiyo itakuwa ya kweli, mie ni mtu mzima, haiko mbali, na sauti itakuwa ile ile, na hutaweza kuzitofautisha.

Kwa hiyo usizitofautishe. Ile ya uongo ikatae, na ile ya kweli ikatae vile vile. Nitazikwa na waliopo. Watasema mjukuu wake aliyemlea hakuja hata kumtupia udongo, na watakulaani kwa jina langu, na mie sitakuwepo kuwajibu. Nawajibu sasa, mbele ya kila asomaye: nilimkataza.

Nisomee Fatiha hapo hapo ulipo, uniombee, kisha ukale, ukalale. Usije, mke mwenzangu. Hata ukinisikia nakuita mimi mwenyewe kwa sauti yangu, usije.

Nakuaga kama mtu anavyomuaga maiti, na uhai unao wewe.

Bibi yako,
mama wa baba yako